Nyuzi Kumi na Moja

Kwanza nilizisimamisha wima, kama askari wa gwaride,
kisha nikazibana mbavu
mpaka O ikawa yai, na yai likawa punje ya mpunga.
Ndipo nikazilaza: nyuzi kumi na moja kwenda kulia.
Si kumi, maana kumi ni kusitasita.
Si kumi na mbili, hapo herufi imeshateleza.

Hazina vikucha wala viatu.
Shina huanza palipoanzia, hukoma palipokomea,
bila kuaga.

Chumba chetu hapa Inverness kiko juu ya fundi baiskeli;
harufu ya grisi hupanda ngazi
ikakaa kwenye karatasi.
Bi Morven Urquhart, mwenye ofisi, hupima kwa jicho moja,
la pili amelifumba kama mtunga uzi sindanoni.
"S hii imelewa," husema.
Nami huirudia S, siku tatu,
kwa kuwa S haina mfupa:
ukiibana inavimba kichwa,
ukiilaza inaanguka kifudifudi.

Mteja wetu ana mabasi ya kwenda magharibi.
Jedwali lake lina safu nyembamba kuliko kidole,
na majina ya vituo marefu kama kesi ya shamba:
Strathpeffer, Achnasheen, Kinlochewe.
Herufi pana zilimwagika ukingoni.
Zangu ziliingia
kama watu wa harusi kwenye kochi moja,
kila mmoja kageuza bega,
na bado pakabaki pa kupumulia.

Usiku, kuzijaribu, niliandika ya kwetu:
wanyang'anyi, yanayong'aa, ng'ombe.
Ile alama ya ng', usipoiangalia,
huelea mbali na g yake kama kofia iliyochukuliwa na upepo.
Niliirudisha, upana wa unywele mmoja.
Hakuna mtu hapa atakayejua.
Ng'ombe akasimama sawasawa,
na nje ya mji wako ng'ombe wenye manyoya hadi machoni
ambao hawajui kwamba wameandikwa.

Kuna jambo Bi Morven hakunifundisha, nililijua kwa kanga:
maneno ya kanga husimama wima, manene, hadharani,
jirani ayasome hata kama hataki.
Mlazo ni mwingine. Mlazo hukuvuta kando kwa kiwiko
ukakunong'oneza: ila,
isipokuwa,
siku za shule tu.
Ndiyo kazi tuliyoupa, chini kabisa ya jedwali,
pale ahadi zinapopunguzwa.

Novemba nilikwenda kuziona kazini.
Kituo cha Garve: nguzo, kioo,
mvua iliyokuja kwa ubavu, imelala kunishinda.
Nikaweka pua kwenye kioo.
Jicho la e liko wazi.
Wino haukujaa tumboni mwa a.
Na S, S yangu, haikuyumba!
Nikapiga picha saba, nikafuta kioo kwa mkono wa koti,
nikapiga ya nane.
Kisha nikangoja basi la kurudi.

Nikangoja.

Akaja mama mmoja na mbwa aliyevalishwa koti zuri kuliko langu.
"Unangoja lipi?"
"La saa tisa na robo."
Hakucheka. Alinyoosha kidole gumba, ndani ya glavu,
akakibandika juu ya mstari ule ule
niliouchora herufi kwa herufi,
niliotoka kuusifu mara nane:

Haliendi Ijumaa.

Nikauliza leo siku gani, ingawa nilijua.
Mbwa akanitazama.
"Watu hawasomi," alisema mama, akimgeuza kwa kamba.
"Mimi miwani nimeisahau nyumbani,
na bado nimeuona."